Haki ya Mahali Patupu

Je, yafaa jambo jema likataliwe ili mahali pabaki patupu? Suali hili huonekana la mzaha mpaka liulizwe Chicago, Marekani, kwenye ukingo wa Ziwa Michigan, ambako limebishaniwa mahakamani tangu karne ya 19.

Mwaka 1836 makamishna waliokuwa wakiuza viwanja ili kupata fedha za kuchimba mfereji waliandika juu ya ramani yao kwamba kipande cha ukingo ule ni cha umma, nacho kitabaki wazi milele, pasi na jengo wala kizuizi. Walionunua viwanja vya mkabala waliyaamini maneno hayo, na wakayalipia. Miongo mitano baadaye uwazi ule ulikuwa umejaa vibanda na taka. Mwaka 1890 mfanyabiashara Montgomery Ward, ambaye jengo lake lilielekea huko, akaushitaki mji. Na kesi zake, moja ikizaa nyingine, ziliendelea kwa miaka ishirini.

Lau angeshitakia taka peke yake, pasingekuwa na la kujadili: nani atetee jaa? Lakini Ward alilipinga hata jumba la makumbusho, ambalo tajiri Marshall Field, aliyefariki mwaka 1906, aliliachia dola milioni 8. Waliochora mpango mpya wa mji walikwisha kuliweka katikati ya uwanja. Wengi wakamwona Ward kuwa adui wa maendeleo. Mahakama ikampa haki. Jumba likajengwa kusini zaidi, juu ya ardhi iliyofukiwa ziwani, na likafunguliwa mwaka 1921.

Ward alisimama penye haki, wala si kwa sababu ya sheria tu. Jumba, hata likiwa bora vipi, huwa limekwisha kumchagulia mtu atakachokuja kukitazama. Uwanja haumuulizi. Huyu apige mpira, yule arushe tiara, mwengine ajilaze asifanye lolote. Na huyo wa mwisho hana mtetezi popote pengine mjini, kwani uvivu hauna mfadhili.

Hata hivyo utetezi huu una doa. Haki iliyotambuliwa na mahakama ilikuwa ya wenye viwanja vya mkabala, si ya kila apitaye. Mnyonge alipumzika chini ya kivuli cha haki ya tajiri. Na hilo neno "wazi" lilikuwa na mipaka ambayo ramani haikuichora. Tarehe 27 Julai 1919, kilomita chache kusini mwa uwanja huo, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea ziwani na wenzake juu ya chelezo. Mazoea, si sheria, yalikuwa yameyagawa maji yale baina ya weusi na weupe. Chelezo kikasogea upande usio wake. Mtu mweupe akawavurumishia mawe. Eugene akazama, akafa. Polisi aliyekuwapo hakumkamata mrushaji. Fujo zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Ufuo ule haukuwa na ukuta ambao Ward yeyote angeweza kuushitakia.

Siku hizi mji umejifunza werevu. Jukwaa la muziki alilolisanifu Frank Gehry, lililofunguliwa mwaka 2004 kwenye upande mmoja wa uwanja uleule, liliandikwa kuwa ni kazi ya sanaa, si jengo, ili masharti ya urefu yasilifikie. Si mara nyingi wanasheria hukimbilia neno "sanaa" kutafuta hifadhi.

Mtengenezaji filamu George Lucas hakubahatika hivyo. Makumbusho aliyotaka kuyajenga ukingoni yalipingwa mahakamani na watetezi wa bustani za mji, na mwaka 2016 akaondoka na mradi wake, ukaishia Los Angeles. Mahali alipopataka hapakuwa na nyasi wala mchanga. Palikuwa pa kuegeshea magari. Watetezi wakashinda, na magari yakabaki.