Fedha za Maskini Mikononi mwa Maskini

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu waumini, naiusia nafsi yangu na nakuusieni nyinyi kumcha Allah.

Leo nazungumzia mfuko wa msaada wa mtaa, na mfano wangu ni Kroo Bay, mtaa wa mabati ulio ufukweni katikati ya Freetown, Sierra Leone, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Vijito vya milimani humwagikia hapo. Msimu wa mvua, mafuriko huingia majumbani pamoja na taka za mji. Maji yakishaingia, hakuna wasaa wa kuuliza mjane ni yupi na mgonjwa amelala nyumba gani. Wanachama wa FEDURP, shirikisho la maskini wa mijini na vijijini, huhesabu wenyewe nyumba na watu wa mitaa yao. Orodha iliyoandikwa kiangazi na watu wanaojuana ni ngumu kuchezewa. Ile inayoandikwa lori la mchele likiwa limeshasimama barabarani huzaa majina ya watu wasioishi hapo.

Wakati wa mlipuko wa Ebola nchini humo, nyumba yenye mgonjwa iliwekwa karantini siku 21, na chakula kilipaswa kufikishwa mlangoni. Kilipochelewa, watu walitoka kutafuta maji na riziki, na hatari ikatoka nao. Kisha mwaka 2015 ofisi ya mkaguzi wa hesabu za serikali, chini ya Lara Taylor-Pearce, ilieleza kwamba karibu theluthi ya fedha za Ebola ilizozikagua hazikuwa na vielelezo kamili. Sisemi zote ziliibwa. Lakini nani atamjibu mama aliyefungiwa ndani na watoto wenye njaa, kama hakuna karatasi inayoonyesha fedha zilikwenda wapi? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Basi mweka hazina asiudhike akiombwa daftari.

Jambo linalonikera zaidi ni hili. Vijana wanaobeba magunia tunawaambia wanajitolea, fi sabilillahi, tukadhani yamekwisha. Kijana huyo ameshinda na mchele begani, na kwao jioni kuna mama anayesubiri alichopata. Tusipomlipa, tumemwacha peke yake na gunia na njaa yake. Suratut Tawba, aya ya 60, inawataja wanaozitumikia zaka miongoni mwa makundi manane yenye haki. Kwa hiyo alipwe, ujira wake ujulikane na uandikwe. Zaidi ya huo asipokee kitu. Zama za Mtume (s.a.w.), mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka za kabila la Banu Sulaym, akarudi akitenga fungu la Waislamu na fungu alilodai amezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akakemea, akahoji kama zawadi hizo zingemfikia mtu huyo akikaa nyumbani kwa wazazi wake.

Kina mama wa Sierra Leone wana osusu, kama upatu wetu: fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kila mmoja anajua zamu ni ya nani. Mfuko wetu wa msaada ufuate njia hiyo. Kila mwezi, baada ya swala ya Ijumaa, kisomwe kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.

Majina ya waliopokea yasisomwe. Mfadhili wa mbali akitaka picha ya mjane ameshika mchele, apelekewe picha ya magunia na nakala ya hesabu, kwa sababu mjane huyo kesho atakaa sokoni na majirani zake. Majina yatunzwe na watu wachache waaminifu, wakiwemo wanawake, kwani yapo mambo ambayo mjane hatamweleza mwanamume.

Zaka na sadaka ziwe na hesabu mbili. Zaka ina watu wake, ilhali mlango wa sadaka ni mpana, na jirani Mkristo ambaye nyumba yake imeingia maji asaidiwe kwa fedha za sadaka, bila kusubirishwa mwisho wa foleni.

Nasema haya, na namwomba Allah anighufirie mimi na nyinyi. Mwombeni maghufira.