Pole Siyo Samahani: Unaposingiziwa Kosa Ambalo Hukufanya



Leo nataka tutafakari maneno mawili tunayoyasikia sana mitaani kwetu: "Kubali yaishe." Mtu amesingiziwa, anajitetea, kelele zinakuwa nyingi, halafu anatokea mtu mwenye nia njema kabisa, anamvuta pembeni na kumnong'oneza: "Mdogo wangu, we kubali tu yaishe." Swali langu ni hili: je, Mkristo anaweza kukubali kosa ambalo hakulifanya, ili mradi amani irudi?

Kwangu mimi hili si swali la semina. Nimepanga chumba Tabata, hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye wapangaji sita na uwanja mdogo. Usiku uwanjani hulala vyombo viwili tu: pikipiki yangu, na gari la jirani yangu, baba mmoja wa makamo ambaye tunasali naye jumuiya moja. Asubuhi moja alikuta gari lake limekwaruzwa ubavu wote wa kushoto na kioo cha pembeni kimepasuka. Akanigongea mlango na kusema mbele ya wapangaji wote: "Kijana, umeniharibia gari yangu. Si wewe uliyerudi jana usiku na pikipiki?"

Ni kweli nilirudi usiku, natoka mazoezi ya kwaya. Lakini ubavu ule wa kushoto ulikuwa umebana na ukuta. Hata mtoto asingepenya pale, sembuse pikipiki. Nikamwomba, "Baba, naomba twende tukaangalie wote." Akakataa. Fundi wa kunyoosha bodi akasema kazi pamoja na rangi na kioo ni shilingi 180,000, kodi yangu ya miezi mitatu, na hesabu hiyo ikaletwa kwangu. Wapangaji wenzangu nao wakaanza: "Kubali yaishe, utalipa kidogo kidogo."

Lakini kilichoniuma kuliko pesa ni shikamoo. Niliendelea kumwamkia kila asubuhi, na marahaba haikuja. Ukitaka kujua uzito wa kusingiziwa, mwamkie mtu mzima mbele ya watu, asikuitikie.

Ndugu yangu, Kanisa linatupa watu wengi waliopita njia hii. Nitawataja wawili, kwa sababu walifanya mambo yanayoonekana kupingana.

Wa kwanza ni Suzana, katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Wazee wawili waliokuwa waamuzi walimsingizia uzinzi kwa sababu alikataa kuwaridhia. Suzana hakunyamaza. Alipaza sauti, akamlilia Mungu mbele ya watu wote. Ndipo kijana Danieli akafanya jambo dogo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: aliwatenganisha wale wazee, akamuuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani aliwaona. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine kabisa. Uongo ukaanguka kwa swali moja.

Wa pili ni Mtakatifu Gerardo Majella, bruda Mredemptori wa Italia. Mwaka 1754, akiwa na miaka 28, msichana mmoja alimsingizia kwamba ametenda uchafu na binti wa familia iliyokuwa ikimpokea. Aliitwa mbele ya mkuu wake, Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, akasomewa mashtaka. Gerardo alinyamaza. Akakatazwa kupokea Komunyo Takatifu, adhabu ambayo kwa mtu aliyeipenda Ekaristi kama yeye ilikuwa sawa na kunyimwa hewa. Baadaye yule msichana aliugua, akakiri kwamba alisema uongo. Gerardo alipoulizwa kwa nini hakujitetea, alieleza kwamba aliielewa kanuni ya shirika lao kuwa inamtaka asijitetee. Mwaka uliofuata alifariki, na mwaka 1904 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Sasa nani alifanya sawa? Mmoja alipiga kelele, mwingine alinyamaza. Mimi naona wote wawili wanakutana mahali pamoja: hakuna aliyesema "ndiyo" kwa uongo. Suzana alijitetea na Gerardo hakujitetea, lakini hata mmoja hakukiri kosa ambalo hakulifanya. Kunyamaza ni kitu kimoja, na kukubali ni kitu kingine.

Mtazame na Bwana wetu mwenyewe. Tumezoea kusema Yesu alinyamaza mbele ya Pilato, na ni kweli. Lakini soma Yohane 18. Alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu, hakunyamaza, na wala hakurudisha kofi. Aliuliza: kama amesema vibaya, basi aoneshwe huo ubaya, na kama amesema vema, anapigwa kwa nini? Hilo ni ombi la ushahidi, limesemwa kwa heshima na mtu aliyefungwa mikono. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unyenyekevu maana yake ni kukubali kila unachobandikwa.

Tena ukikubali kosa lisilo lako, unaivunja Amri ya Nane dhidi yako mwenyewe. Na yule aliyefanya kweli unamnyima nafasi ya kutubu, kwa sababu deni lake umeshalibeba wewe. Hiyo amani mnayoinunua haitadumu.

Lakini hapa ndipo Injili inapotubana kwelikweli. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anasema ukiwa unatoa sadaka yako altareni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Soma vizuri. Hakusema "kama umemkosea." Amesema kama yeye ana neno juu yako. Yaani hata wewe usiye na hatia unatakiwa uende! Mimi ningependa mstari huo uwe umeandikwa tofauti, lakini umeandikwa hivyo.

Utaendaje bila kudanganya? Lugha yetu yenyewe inatusaidia. Kiswahili kina pole na kina samahani. Samahani ni ya aliyekosa. Pole ni ya yeyote anayeona mwenzake ameumia. Jumamosi moja jioni, kabla ya Misa ya kesho yake, nilimfuata jirani yangu nikamwambia: "Shikamoo baba. Pole sana kwa hasara uliyopata. Gari lako mimi sikuligusa, na siwezi kusema nililigusa. Siku ukitaka tuliangalie pamoja na fundi, niko tayari." Akaniangalia, akasema "Haya." Basi. Mpaka leo hakuna anayejua gari lile lilikwaruzwa wapi, na jina langu halijasafishwa. Lakini kesho yake nilikwenda kukomunika nikiwa nimefanya sehemu yangu.

Kumbe inawezekana kumpa mtu pole yako yote bila kumpa samahani ya uongo. Hata ukitaka kumsaidia gharama, msaidie. Ila uitwe mchango, usiitwe fidia.

Sasa niwageukie na wale wa upande wa pili, maana huenda wiki hii wewe ndiye uliyenyoosha kidole. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaita hukumu ya haraka hata kule kuamini kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani ametenda kosa. Kimoyomoyo tu! Pesa imepotea ndani, tayari ni dada wa kazi. Simu haionekani hosteli, tayari ni yule anayetoka familia duni. Na kwenye mitaa yetu tunajua neno "mwizi" likipigwa kelele linaweza kumtoa mtu roho kabla hajaulizwa jina. Danieli aliuliza swali moja tu, akaokoa maisha. Uliza kwanza. Nenda kaangalie ukuta. Na kama umeshamsingizia mtu, kuungama peke yake hakutoshi: namba 2487 inatukumbusha wajibu wa kurekebisha madhara. Ulisema mbele ya watu, rudi useme mbele ya watu.

Na wewe unayesingiziwa leo, fanya haya. Sema ukweli wako kwa utulivu, kwa mhusika na mbele ya mtu wa kuaminika: mwenyekiti wa jumuiya, mjumbe, katekista, mzazi. Omba ushahidi uangaliwe. Usimwanike jirani kwenye stetasi ya WhatsApp, maana hapo utakuwa umelipa uongo kwa chuki. Usiache kumwamkia. Na kila usiku mtaje kwa jina katika sala, hata kama midomo inakuwa mizito.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyeshitakiwa bila kosa, utupe ujasiri wa kusema ukweli bila hasira, na moyo wa kumwendea ndugu yetu hata kama kosa si letu. Uwaguse waliotusingizia, na utuoneshe tuliowasingizia sisi. Amina.

Mtakatifu Gerardo Majella, utuombee.