Mafuta ya Dawa Majumbani Mwetu, na Dhamana ya Mwenye Kuyasifu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akayaumbia na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, ni nadra katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, kuona nyumba isiyokuwa na kichupa cha mafuta ya dawa. Jino likiuma hutafutwa mafuta ya karafuu. Mafua yakiingia hutafutwa mkaratusi. Tumbo likijaa hutafutwa mnanaa, na habasoda huwekwa kwa kila jambo. Haya tumeyarithi kwa bibi zetu, na wala si mabaya. Walakin limetokea jambo lililotulazimu kuandika, na katika jambo hilo sisi wenyewe tuna sehemu yetu ya lawama. Basi twaona ni haki tuanze na nafsi zetu kabla ya kuwasema wengine.

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya darasa, alitujia mama mmoja akiwa na mwanawe begani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alitueleza yakuwa mtoto alikuwa na mafua na kikohozi, akamnunulia kichupa kwa muuzaji aliyekaa nje ya msikiti. Juu ya kichupa pameandikwa kwa herufi kubwa "Habasoda", akampa mtoto kijiko kimoja. Haukupita muda mrefu mtoto akakaza viungo, macho yakageuka, akatetemeka mwili mzima. Jirani wakakusanyika. Mmoja akasema hili ni dege, na hospitali hawaliwezi. Akafukizwa ubani, akafungwa hirizi, na muda ukapita bure mpaka akaja ami yake akamchukua kwa nguvu kumpeleka hospitali. Alilala huko siku 3, na kwa fadhila za Mwenyezi Mungu akapona. Nyuma ya kichupa kile, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyezisoma, pameandikwa yakuwa ndani yake mna mafuta ya mkaratusi na kafuri.

Tulipomwuliza kwa upole, "Mama, ni nani aliyekwambia umpe mtoto mafuta haya?" alitutazama akasema, "Sheikh, si nyinyi mliotwambia darasani yakuwa habasoda ni dawa ya kila ugonjwa?"

Hatukuwa na jawabu. Ni kweli tulisema. Tulitaja hadithi, tukapita, hatukueleza maana yake wala mipaka yake. Na nje ya mlango alikuwako mtu anayengoja watu watoke na maneno yetu masikioni mwao ili awauzie kichupa chake. Kwa hiyo hivi leo twaeleza tuliloacha kueleza siku ile.

Kwanza, kujitibu ni katika mafundisho ya dini. Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawafahamisha yakuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Mwenye kuacha dawa akadai kuwa huko ndiko kutawakali hajafahamu. Sayyidna Umar (r.a.) alipogeuza safari asiingie Sham wakati wa tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Dawa ni sababu, na mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Pili, hadithi ya habasoda ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, wala hatuna shaka nayo. Lakini wanavyuoni hawakuisoma kama wanavyoisoma wauza vichupa. Al-Khattabi alieleza yakuwa tamko lake ni la jumla, na makusudio yake ni maradhi makhsusi. Ibnul Qayyim, aliyekufa mwaka 751 Hijria, naye aliifasiri hivyo katika maneno yake juu ya tiba ya Mtume, akasema yakuwa yanayokusudiwa ni maradhi yale ambayo habasoda yafaa kuyatibu. Na atazame msomaji katika Bukhari jinsi watu wa zama zile walivyoitumia. Ghalib bin Abjar alipougua njiani, Ibn Abi Atiq aliwaelekeza wenzake wachukue punje 5 au 7, wazisage, kisha wamtonee puani pamoja na mafuta ya zeituni. Punje 5 au 7! Hawakuambiwa wamnyweshe chupa. Palikuwa na mgonjwa maalumu, na mahali maalumu pa kutia dawa, na kipimo maalumu. Mwenye kuichukua hadithi akakiacha kipimo, ameichukua nusu yake.

Tatu, ni lazima watu wafahamu yakuwa mafuta ni namna mbili, na katika kutozipambanua ndimo maafa yanamoingia. Namna ya kwanza ni mafuta mazito yanayokamuliwa, kama ya nazi, ya ufuta, ya zeituni, na ya habasoda halisi. Haya baadhi yake ni chakula, na mwili wayavumilia. Namna ya pili ni mafuta mepesi ya harufu, yanayopatikana kwa kukenekwa: majani au maua hutiwa katika mvuke wa maji, mvuke ukapanda na mafuta yake, kisha ukapozwa ukarudi kuwa maji na mafuta yakielea juu. Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Al-Kindi aliandika kitabu juu ya manukato na kukeneka katika karne ya 3 ya Hijria, na maji ya waridi ya Jabal Akhdar huko Omani hutengenezwa kwa njia hiyo. Hata jirani zetu wa Pemba wana kiwanda Wawi ambako makonyo na majani ya mkarafuu hutolewa mafuta.

Sasa fikirini, ndugu zetu. Majani ya mzigo mzima hutoa mafuta machache tu. Nguvu iliyokuwa imetawanyika katika mzigo hukusanywa katika kichupa kinachoingia kiganjani. Mwenye kunywa chai ya mnanaa amekunywa majani machache, na mwenye kunywa kijiko cha mafuta ya mnanaa amemeza shamba. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi chaweza kumtia mtoto mdogo kifafa na kumpoteza fahamu. Kafuri ni kali kuliko hayo, kwani gramu 1 yaweza kumwua mtoto wa umri ule tulioutaja. Mafuta ya karafuu yakinywewa huweza kuharibu ini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ni hii: mafuta ya harufu hayanywewi, ila kwa amri ya tabibu.

Ama manufaa yake, yako, wala hatuyakanushi. Mwenye kuumwa na jino na atie tone moja la mafuta ya karafuu katika pamba, aiweke juu ya jino, mate ayateme. Maumivu yatapoa, walakin tundu la jino halizibiki kwa karafuu, basi kukicha na aende kwa daktari wa meno. Mtu mzima mwenye pua iliyoziba na atie matone 2 au 3 ya mkaratusi katika bakuli la maji ya moto, avute mvuke akiwa amefumba macho. Hilo hufungua pua tu. Ulipoingia ugonjwa wa Korona mwaka 2020 watu wengi walijifukiza wakidhani mvuke unaua ugonjwa kifuani, na haukuwa na uwezo huo. Watoto wasiinamishwe juu ya maji ya moto, kwani kuungua ni haraka kuliko kupona. Mwenye kuumwa na kichwa aweza kupaka mafuta ya mnanaa yaliyozimuliwa pajini mwa uso, mbali na macho. Na mafuta ya mchaichai hufukuza mbu kwa muda mchache, lakini hayasimami mahali pa chandarua, wala homa ya mtoto haitibiwi kwa kupakwa mafuta, bali hupimwa damu.

Na kila mafuta ya harufu yanayopakwa mwilini yazimuliwe kwanza. Kipimo cha mtu mzima ni matone 6 katika kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi au ya ufuta, na kwa uso nusu ya hayo. Ajaribu kidogo mkononi kabla ya kupaka pengine, kwani ngozi za watu si sawa. Mwanamke mwenye mimba na aulize kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipakwe mnanaa, mkaratusi wala kafuri usoni au karibu na pua, kwa kuwa pumzi zake zaweza kufunga. Na kichupa kiwekwe juu kabatini, si chini ya mto wala dirishani.

Mtoto akinywa mafuta haya, msimtapishe, kwa kuwa yakipanda huweza kuingia mapafuni. Mchukueni upesi hospitali, na kichupa mkichukue pamoja naye ili madaktari wajue alichokunywa. Wala asiseme mtu kuwa ni dege. Kukakamaa kwa mtoto kuna sababu zake, kama homa kali, malaria, sumu, na nyinginezo. Kila muda unaopotezwa katika kufukiza na kufunga hirizi waweza kuwa ndio uhai wake. Zaidi ya hayo, kutundika hirizi kwa itikadi kwamba ndiyo inayokinga ni katika mambo ya shirki aliyoyakemea Mtume (s.a.w.). Mtoto yule alitiwa katika hatari mara mbili: mara ya kwanza kwa kijiko, na mara ya pili kwa hirizi.

Tena akumbuke kila mzazi kisa cha Ummu Qays binti Mihsan, kilichopokewa katika Sahihi mbili. Alimleta mwanawe kwa Mtume (s.a.w.) baada ya kumbinya koo kwa kidole kwa ajili ya maradhi ya kooni. Mtume aliwakemea kwa kuwaumiza watoto wao kwa njia ile, akawaelekeza kwenye dawa iliyo bora. Basi Mtume wetu hakuridhia kila tiba kwa kuwa tu wazee wameizoea. Alitazama madhara yake kwa mtoto.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni dhamana. Imepokewa na Abu Daud na wengineo yakuwa Mtume (s.a.w.) amemhukumu mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, kuwa yeye ni mwenye kudhamini kinachotokea. Muuzaji mwenye kuandika habasoda juu ya kafuri amekusanya ghushi na hatari, na mali anayoipata ni mali ya ghushi. Wako na wengine wanaosomea mafuta Kurani kisha wakaongeza bei mara 10. Kumsomea mgonjwa Kurani ni jambo lililoruhusiwa, na mzazi aweza kumsomea mwanawe mwenyewe bila ya malipo. Kuyafanya maneno ya Mwenyezi Mungu kuwa chambo cha kuuzia kichupa ni jambo jingine.

Lakini je, dhamana ni ya muuzaji peke yake? Jabir (r.a.) amepokea kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akawahesabu kuwa wao ndio waliomwua, akasema kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani tiba ya ujinga ni kuuliza. Watu wale hawakuwa wauzaji, wala hawakupata hata senti. Walikuwa watu wema waliotoa jawabu la dini pasipo kujua, na jawabu lile likaua.

Kisa hicho tumekisomesha mara nyingi, na siku zote tulikuwa tukiwafikiria watu wengine. Tangu siku aliyotujia mama yule twakisoma kwa namna nyingine. Sisi tunaokaa mbele za watu tukatajiwa ugonjwa tukataja dawa, nasi tumo. Kwa sababu hiyo tumeazimia katika darasa letu kwamba hatutaitaja dawa ila tutaje na kipimo chake na mipaka yake, na tusilolijua tutasema hatulijui na kumwelekeza mtu kwa daktari. Kurani imetuamuru tuwaulize wenye kujua, na katika mambo ya mwili wenye kujua ni matabibu. Tena tumewaomba wenye kusimamia msikiti wasimwachie mtu kuuza mlangoni dawa isiyojulikana iliyomo ndani yake. Twawanasihi masheikh wenzetu wafanye hivyo.

Nanyi, mama zetu na dada zetu, msiyatupe mafuta yenu. Ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa mahali pake. Someni kilichoandikwa nyuma ya kichupa, na asiyejua kusoma na asomewe. Tena ulizeni, hata mkituuliza sisi mara ya pili na ya tatu, "Sheikh, kiasi gani? Na kwa mtoto je?" Swali kama hilo si utovu wa adabu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kuyabainisha, awaponye wagonjwa wetu, na awahifadhi watoto wetu. Wabillahi taufiq.