Sarafu Isiyo na Mwenyewe

Krismasi iliyopita tulikutana Njombe, nyumbani kwa mmoja wetu, sisi tuliokua pamoja Makambako na kusoma shule ya Jumapili darasa moja. Baada ya chakula, mtoto wa mwenyeji alikaa pembeni na simu, na kutoka kwenye simu ile tukasikia muziki ambao hatukuwa tumeusikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulikuwa mchezo wa Super Mario Bros. Watu wazima, wengine wetu wazee wa kanisa, tukaanza kugombania simu ya mtoto.

Kwa wasioujua, mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985. Mtu mfupi mwenye masharubu na kofia anakimbia, anaruka mashimo, anakanyaga maadui na kuokota sarafu, akimtafuta binti mfalme aliyetekwa. Anaanza na maisha matatu, na kila akifikisha sarafu 100 huongezewa mengine. Kwetu Makambako ulifika katika kaseti za bei nafuu zilizobeba michezo mingi, kwenye vibanda vyenye televisheni moja na benchi. Nje malori ya kwenda Zambia yalikuwa yakipita, nasi ndani hatukuyasikia. Ulilipa, ukacheza, maisha yakiisha, ulimpisha mwenzako.

Basi tukacheza tena, na furaha ilikuwa ya kweli. Vidole vilikumbuka mashimo yalipo kabla ya macho. Tulikumbuka baridi ya mwezi wa saba, masweta yaliyotoboka viwiko, na jinsi tulivyobanana kwenye benchi kupata joto. Hatuoni dhambi katika furaha hiyo. Lakini katikati ya kicheko mmoja wetu akauliza, "Hivi hela ya kuchezea tulikuwa tunaitoa wapi?"

Tukanyamaza. Wote tulijua.

Tuliitoa kwenye sadaka. Tulianza na sarafu tulizopewa na mama zetu, tukazificha mkononi huku tukijifanya tunazitumbukiza. Baadaye tukachukua za kikapuni. Upungufu ulipoonekana, aliyeshukiwa ni mwenzetu aliyebeba kikapu, mtoto wa mjane, ambaye hakuwahi kuketi nasi kwenye lile benchi. Alivuliwa kazi hiyo mbele ya watoto wote. Sisi tuliinamisha vichwa, na mchana wa Jumapili hiyohiyo tukaenda kibandani.

Wana wa Israeli jangwani waliwakumbuka samaki wa Misri, na matango, matikiti na vitunguu (Hesabu 11:5). Hawakusema uongo; samaki wale walikuwapo. Ila katika kumbukumbu ile hawakutaja viboko wala matofali. Hilo ndilo kosa la kumbukumbu tamu: huchagua. Nasi tukajiuliza: je, ni haki kuifurahia kumbukumbu ambayo gharama yake ililipwa na mtu mwingine?

Wengine kati yetu walisema, "Tulikuwa watoto, na Mungu alishasamehe." Kuhusu msamaha wa Mungu hatukubishana. Lakini tuliona kwamba kwa miaka yote hiyo tumeishi kwa kanuni mbili za mchezo ule. Ya kwanza, sarafu inaning'inia hewani bila mwenyewe; anayeichukua hamwibii mtu. Ya pili, picha husogea mbele tu. Ulichokipita huwezi kukirudia. Maisha tuliyopewa na Mungu hayako hivyo. Kila sarafu ya kikapuni ilikuwa na mwenyewe. Na njia ya kurudi ipo: kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita zipatazo 60 za lami. Zakayo naye hakuishia kumkaribisha Yesu kwa furaha. Aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), na ahadi ya namna hiyo hulazimu mtu kupiga hodi kwenye milango aliyoidhulumu.

Siku ya pili yake watatu wetu tulishuka Makambako. Tulimkuta mwenzetu kwenye biashara yake ya viazi. Tulisalimiana, "Kamwene," akatutafutia ndoo za kukalia, nasi tukamweleza yote. Alisikiliza huku akiendelea kuchambua viazi. Kisha akasema, "Ndugu zangu, hela ile mimi nilishaisahau. Ila mama amekufa akiamini kwamba niliiba."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumebeba bahasha. Tuliona aibu kuitoa. Yeye aliomba jambo moja tu: tukayaseme kanisani, palepale alipoaibishwa.

Jumapili ya kwanza ya Januari tuliyasema. Naye alikuja, akakaa nyuma, karibu na mlango. Mama yake hakuwapo kusikia, wala hakuna mara nne inayoweza kufika alipo. Tunaamini tumesamehewa, na tunaamini pia kwamba sehemu ya deni lile hatutailipa kamwe. Tumejifunza kuyashika yote mawili bila kulitumia moja kulifuta jingine.

Watoto wetu wakituita tucheze, tunacheza. Wakituuliza tulijifunzia wapi, tunawasimulia habari yote, pamoja na ya kikapu.