Nani Ameumia?

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku yoyote utamsikia muuza madera akimwambia mteja, "Dada'angu, hapo unaniumiza." Hakuna aliyemgusa. Mteja ametaja bei iliyo chini ya ile ya mzigo, basi. Mteja naye akifika kwake Mbagala akakuta dera lina tundu, atawaambia majirani kwamba kapigwa. Aliyekimbiwa na tapeli na pesa ya mzigo wa Guangzhou, huyo kalizwa. Na ile mikopo ambayo marejesho yake humfuata mama ntilie kila jioni, kabla hata hajaosha masufuria, watu wameipa jina la kausha damu.

Napenda usemi huu kwa sababu ni wa kweli. Kariakoo hasara inatajwa kwa maneno ya mwili: kupigwa, kuumia, kulia, damu. Watu wa pale wanajua kwamba mtaji ni karo ya mtoto, kodi ya chumba na dawa ya mzazi aliyeko kijijini. Ukiukata, anayevuja ni mtu.

Kwenye taarifa za majanga, lugha inabadilika. Soko likiungua, tunasomewa kwamba mali zimeteketea na hakuna madhara kwa binadamu. Namwelewa anayeisema sentensi hiyo. Anashukuru kwamba hakuna maiti, na sisi sote tunashukuru. Lakini usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipowaka moto, lile jengo la mbunifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, kilichoungua mle hakikuwa matenga na mizani peke yake. Mfanyabiashara mdogo huweka dukani hata daftari la madeni. Likishika moto, waliokopa wanabaki na deni lililo moyoni mwao tu, na yeye anabaki na deni la kikoba, ambalo lina mashahidi. Miezi sita baadaye, Januari 2022, ikawa zamu ya soko la Karume, pale Mchikichini. Mtu aliyelala na fremu akaamka na majivu, na asubuhi hiyo hiyo watoto wanataka chai, utamwambiaje kwamba hajapata madhara?

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Muuza madera anaposema "unaniumiza", anamtazama anayemuumiza usoni. Kuna mtendaji pale, na anaweza kuongeza elfu mbili mambo yakaisha. "Madhara yametokea" haina mtu. Yanatokea yenyewe, kama mvua.

Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo, kwenye Mtaa wa Mchikichi na Kongo. Waliokufa walizidi 20. Waliofukiwa hai walikuwa wakiwasiliana na waokoaji kutoka chini ya zege, wakipelekewa maji na hewa. Siku hizo hakuna aliyesita kutamka neno madhara. Waziri Mkuu aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na ilikuwa haki. Ila ghorofa halianzi kuanguka siku linapoanguka. Linaanza pale mtu anapoongeza au kuchimba bila kujali waliopanga juu yake na waliojenga ubavuni mwake. Mafakihi wa Kiislamu wana kanuni ya kale kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara, na kwa kanuni hiyo wameamua kesi nyingi za majirani na kuta zao: kiwanja ni chako, lakini huna ruhusa ya kukitumia kumbomolea mwenzako. Kwao dhara lina mwenyewe, na mwenyewe anaulizwa mapema, ukuta ungali umesimama. Nadhani Kariakoo, ambako kila chumba cha chini ni dhahabu, inahitaji swali hilo kuliko mtaa mwingine wowote wa nchi hii.

Na wapo wasiohesabiwa kabisa. Mtaa ukifungwa kwa janga, winga aliyezoea kuwapeleka wateja dukani apate chake hana duka la kumpelekea mtu. Kuli hana mzigo wa kubeba. Binti aliyekodi nusu ya meza kwa mwenye fremu hana mkataba, jina lake halipo popote, na siku ya kuandikisha walioathirika ataambiwa amlete mwenye leseni. Mwenye leseni ataandika hasara yake mwenyewe, pengine kwa uaminifu kabisa, na ya binti itapotea humo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kuandika orodha hizo ni dogo. Mkishamaliza kuuliza ni mali ya shilingi ngapi, ulizeni pia nani alikuwa akila kwa meza ile, na nani alikuwa akishusha mizigo mlangoni. Winga na kuli wenzao wanawajua kwa majina. Waulizeni hao.