Msamaria na Bili

Luka 10 tunaipenda, lakini mtu wa bodaboda akigongwa tunasimama kando, simu mkononi. Hofu ni ya kweli: polisi wataniuliza nini, na bili je? India waliliona hili. Sheria yao ya magari ya 2019 inasema anayemsaidia majeruhi kwa nia njema hashtakiwi hata majeruhi akifa, na kanuni zake zinasema halazimishwi kutaja jina. Kwetu, Katiba, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Msamaria hakuwa na kinga yoyote. Alilipa dinari mbili, kisha (sisi wa biashara tunashtuka hapa!) akaacha deni wazi kwa mwenye nyumba ya wageni. Weka glavu kwenye gari. Na hiyo simu, piga 999 kwanza.