Nani Amemwibia Nani?



Ndugu zetu Waislamu, hakuna baraza mjini tusiposikia malalamiko haya: wamishonari wanatuibia watu. Fulani amebatizwa, kijiji fulani kimejengewa kanisa na skuli. Twasikitika kama wasikitikavyo wenzetu. Lakini mtu huibiwa kilicho chake. Je, watu hao tulikuwa tumewashika kwa mkono gani?

Natutazame tarikh. Mwaka 1844 Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamishonari wa Kiingereza, alishuka Mombasa. Mwaka huo huo akamzika hapa mkewe na mtoto wake mchanga. Hakurudi kwao. Alikaa akajifunza Kiswahili, akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. (Hatumlaumu kadhi yule, mgeni alitaka lugha, naye akamkirimu.) Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann wakaenda kukaa Rabai, mwendo mfupi kutoka mjini, kwa watu tuliokuwa tukifanya nao biashara tangu zama za mababu. Sisi tulinunua kwao nafaka na pembe, tukawauzia nguo, tukawaita Wanyika. Dini tuliwapelekea kwa uchache. Wadigo wengi walisilimu, ni kweli, na sifa ni za walimu waliokubali kukaa nao na kula nao.

Na liko la aibu zaidi. Tafsiri kamili ya Qurani kwa Kiswahili iliyotangulia kuchapishwa ni ya mwaka 1923, na mwenye kuifanya ni Godfrey Dale, kasisi wa Unguja, aliyeitia na maelezo ya kuipinga. Iliyofuata, ya mwaka 1953, ni ya Maahmadiya, ambao maulamaa wetu hawaafikiani nao katika itikadi. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy haikukamilika mpaka 1969. Miaka 46 baada ya kasisi! Muda wote huo, Mswahili asiyejua Kiarabu aliyetaka kujua Mola wake amesema nini, ilimbidi aazime kitabu kwa mpinzani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa yake mwaka 1930, alijua kwa nini aliiandika kwa Kiswahili.

Leo dawa yetu ni vipaza sauti. Twakusanyana uwanjani, twaitukana Biblia jioni nzima, wao nao wakaja kesho yake wakatutukana sisi. Mwenyezi Mungu amekataza kulazimishana katika dini, na ameamrisha wenye Kitabu wajadiliwe kwa njia iliyo njema. Hatujui ni wangapi waliopata uwongofu kwa kuzomewa.

Na anayesilimu twamfanya nini? Siku hiyo twapiga takbiri, twampa jina na kofia, twapiga picha. Mwezi ukipita, mwulize nani aliyemfundisha kutawadha. Atakwambia alijifunza kwa kutazama wenzake. Jamaa zake wamemtupa, nasi hatujamwalika hata futari moja. Akija kuposa kwetu, twauliza kabila. Kisha akirudi kanisani, ambako akiugua hutembelewa, twasema: amenunuliwa kwa unga. La, hakununuliwa. Alikuwa peke yake, na mtu hawezi kuishi peke yake.

Kwa hiyo darasa yetu ya baada ya Isha, kuanzia mwezi ujao, itaanza na udhu na sala, kwa Kiswahili cha wazi, kwa aliyesilimu jana na kwa mzee aliyezaliwa nayo akaona haya kuuliza. Jirani asiyekuwa Mwislamu akitaka kusikiliza, mkeka upo, wala hatasikia neno baya juu ya kitabu chake.